Elimu au Akili: Namna ya Kujaza Fumbo la Maneno la Kiswahili

Chora miraba mitano kwa mitano. Tia wino mweusi miraba minne: wa pili na wa nne katika mstari wa pili, kisha wa pili na wa nne katika mstari wa nne. Miraba iliyobaki inabeba maneno sita ya herufi tano tano, matatu yanakwenda kulia na matatu yanashuka chini. Namba 1, 2 na 3 ziko mstari wa juu, mraba wa kwanza, wa tatu na wa tano. Namba 4 inaanza mstari wa tatu, namba 5 mstari wa mwisho. Vidokezo ni hivi:

Kulia
1. ... mbele, mauti nyuma
4. Huishi baharini, hunyonyesha
5. Ni mali

Chini
1. Hushika upepo jahazini. Pia ni bandari
2. Hula majani, hukuna nazi
3. Fuata nyuki ule ...

Mwenye methali kichwani ataanza na 1 Kulia na 3 Chini, maana kidokezo cha methali hakina mjadala mwingi. TAMAA mbele, mauti nyuma. Fuata nyuki ule ASALI. Maneno hayo yanakutana kwenye pembe ya juu upande wa kulia, na A ya mwisho ya TAMAA ndiyo A ya kwanza ya ASALI. Sasa 1 Chini inaanza na T, na 2 Chini inaanza na M. Kinachoshika upepo jahazini ni tanga, na Tanga ni mji wa bandari, hivyo TANGA inajibu nusu zote mbili za kidokezo. 2 Chini ina vitenzi viwili, na mnyama anayekula majani ana jina moja na kifaa cha kukunia nazi: MBUZI. Mstari wa kati unasomeka N, nafasi, U, nafasi, A. NJUGA inaingia na NGUVA inaingia. Njuga huvaliwa miguuni na wacheza ngoma, hazinyonyeshi, basi ni NGUVA. Mstari wa mwisho unasomeka A, nafasi, I, nafasi, I. Hapo zinaingia asili, ajiri, amini, amiri na akili. Methali ni akili ni mali, na jibu ni AKILI.

Sasa mpe fumbo hilohilo mtu aliyeanza na 5 Kulia. "Ni mali", herufi tano, na neno lililomjia kwanza ni ELIMU. Elimu nayo ni mali, hakuna wa kubisha. Herufi ya katikati ya elimu ni I, na ya katikati ya akili ni I vilevile, kwa hiyo MBUZI anakaa palepale bila kusogea. 1 Chini inakuwa T, nafasi, N, nafasi, E, na TENDE inaingia bila kulazimishwa. 3 Chini inakuwa A, nafasi, A, nafasi, U, na hapo ADABU inatosha kabisa. TAMAA haikuguswa, NGUVA haikuguswa. Miraba yote imejaa, kila herufi imeafikiana na inayopishana nayo, na nusu ya maneno ni makosa.

Jaribu kwa penseli uone. Katika fumbo la Kiswahili, herufi kupatana ni ushahidi mwepesi sana, mwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ushahidi wenye uzito uko ndani ya kidokezo: ngeli yake, umoja au wingi wake, umbo la kitenzi chake. Anayejaza kwa kutazama miraba peke yake atamaliza haraka na kukosea mara nyingi.

Kwa nini miraba hukubali upesi

Kiswahili sanifu hakitumii Q wala X. Zinabaki herufi 24: irabu tano, konsonanti 18, na C ambayo haisimami peke yake, lazima ifuatwe na H. Silabi zetu nyingi ni konsonanti kisha irabu, na karibu kila neno linaishia na irabu. A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote. Matokeo yake ni kwamba miraba ya irabu inaafikiana karibu na kila neno unalojaribu. Tazama A, nafasi, A, nafasi, I: inapokea asali, amani, ajali na ahadi. Herufi tatu kati ya tano umeshazipata na bado hujui chochote. Lakini ukipata konsonanti moja tu, tuseme J katika nafasi ya pili, ajali imebaki peke yake kati ya hizo nne.

Kwa hiyo usikaze wino kwenye neno ambalo herufi zake zote zilizothibitishwa ni irabu. Liache kwa penseli hafifu mpaka konsonanti moja ithibitike, au mpaka kidokezo chenyewe kikubane pande mbili kama kilivyofanya kile cha TANGA.

Mpangilio wa miraba nao una sehemu yake. Mafumbo ya magazeti ya Marekani huwa na miraba 15 kwa 15 siku za kawaida, na kila herufi inapitiwa na maneno mawili. Yale ya Uingereza huacha herufi nyingi zinapitiwa na neno moja tu, kama kijifumbo chetu hapo juu. Fumbo la mtindo huo likiandikwa kwa Kiswahili linahitaji uangalifu mara mbili, kwa sababu herufi zinazokutana zinaweza zote zikawa irabu huku konsonanti zimejificha kwenye miraba isiyo na shahidi.

Tangu Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, mbinu nyingi za mchezo huu zimeandikwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Mojawapo ni kuweka S mwishoni kila kidokezo kinapokuwa cha wingi. Kwetu mkia wa neno haukwambii wingi. Wingi uko kichwani. Ulimi na ndimi zina herufi tano tano, na tatu za mwisho ni zilezile. Ubao na mbao zina nne nne, tatu za mwisho zilezile. Ukijaza umoja mahali pa wingi, kosa linakaa kwenye herufi moja au mbili za mwanzo, na mwanzo huo usipopitiwa na neno jingine hutalijua kamwe. Anayetaka kuwa mjazaji mzuri wa Kiswahili azoee kuanza na mraba wa kwanza wa neno.

Kidokezo kinasema ngeli

Kabla ya kuwaza jibu, tazama upatanisho wa kisarufi ndani ya kidokezo. "Kilichonolewa" kimeshakwambia kwamba jibu linaanza na KI au CH, basi andika K na C ndogo kwenye pembe ya mraba wa kwanza hata kama hujui neno. Wingi wake, "vilivyonolewa", utaanza na VI au VY. "Pamefagiwa" inadai mahali, na hapo kuwa macho, maana MAHALI na PAHALI zote zina herufi sita na zinatofautiana kwenye ile ya kwanza tu.

Viambishi vingine vina milango miwili. "Umekatika" inaweza kuwa ya M-MI, kama mti au mkono, au ya U, kama uzi au ukamba. Ya kwanza itaanza na M, ya pili na U au W, kwa sababu wembe na wimbo nazo ni za humo. "Imevunjika" inaweza kuwa wingi wa M-MI, na jibu likaanza na MI, au umoja wa ngeli ya I-ZI, na jibu likaanza karibu na herufi yoyote, ingawa mara nyingi ni N au M. "Zimeanguka" ni wingi wa I-ZI au wingi wa U: kuta, nyufa, nyuzi, nyembe. "Limeiva" haikupi herufi yoyote, kwa kuwa embe, papai na nanasi hazina kiambishi cha umoja, lakini "yameiva" inakupa MA mara nyingi, na ME mara chache kama katika meno na meko.

Wanyama ndio wanaowaangusha wengi. "Anayebadilika rangi" ina kiambishi A, na mtu akakimbilia kutafuta neno la M-WA. Jibu ni KINYONGA. Upatanisho wa A na WA unakuhakikishia kwamba jibu lina uhai, basi. Kiboko, chura, kuku, nyuki na ndama wote wanachukua A bila kuanza na M.

Mtunzi anayetaka kuficha ngeli hutumia HU. "Hula majani, hukuna nazi" haina nafsi ndani yake, na ndiyo sababu kidokezo kile kinaweza kumfunika mbuzi mnyama na mbuzi ya kukunia kwa pamoja. Ukiona HU, jua kwamba huenda mtunzi amekunyima kiambishi kwa makusudi. Tafuta neno lenye maana mbili.

Vitenzi

Swali la kwanza ni kama KU imehesabiwa. "Kwenda juu" yenye miraba mitatu ni PAA. Yenye mitano ni KUPAA. Watunzi wengi hawaiweki KU, kama kamusi zisivyoiweka, lakini wapo wanaochanganya ndani ya fumbo moja, kwa hiyo hesabu miraba kila mara.

Kisha tazama mnyambuliko wa kidokezo, kwa sababu jibu la haki lazima liwe na mnyambuliko uleule. Kidokezo cha kutendwa kinataka jibu linaloishia na WA. Cha kutendana, ANA. Cha kutendesha, SHA au ZA. Cha kutendeka, IKA au EKA. Mtu aliyesoma "kuchukuliwa mali kwa siri" akaandika IBA amejibu kitendo cha mwizi, wakati kidokezo kinazungumzia aliyepatwa: IBIWA.

Hapa Kiswahili kinatoa zawadi ambayo wengi hawaitumii, nayo ni upatanifu wa irabu. Mzizi wenye E au O unachukua ESHA, EKA, EA. Mzizi wenye A, I au U unachukua ISHA, IKA, IA. Soma inazaa someka na somesha. Vunja inazaa vunjika. Pika inazaa pikisha. Kwa hiyo ukiwa na neno linaloishia na ISHA na herufi iliyo kwenye mzizi ni O, kuna kosa mahali, ama katika neno hili ama katika lile linalolipita. Vitenzi vya kutendua vina tabia yake: O inachukua OA, kama choma na chomoa, nyingine huchukua UA, kama funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Hivyo kidokezo cha "kinyume cha ziba" kinakupa U na A za mwisho kabla hujafikiri. Andika herufi hizo mbili mara moja, ziwasaidie majirani.

Kuna herufi nyingine zinazojitangaza. C ikitokea, mraba unaofuata ni H, iwe kulia au chini. Irabu mbili zinazofanana zinaruhusiwa sana, kama katika kaa, mzee, bidii, choo na mguu, basi usiogope AA. Konsonanti mbili zinazofanana ni nadra, na zikitokea karibu zote ni za mwanzo wa neno: nne, mmea, mmoja, mmomonyoko. Mraba wa mwisho wenye konsonanti ni wa kutilia shaka isipokuwa kwa majina ya mahali na maneno machache ya kigeni. DAR ES SALAAM inachukua miraba 11 na kuishia na M. Rais inaishia na S. Maalum inaishia na M kwa wanaoiandika hivyo.

Ng' haina mraba wa kipekee. Ile alama ya juu hudondoka, na NG'OMBE inakuwa NGOMBE, miraba sita. NG'AA inakuwa miraba minne. Kwa macho, ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zinafanana ndani ya fumbo, na anayesoma kwa sauti kichwani hujikwaa hapo: anaona NGAA na hatambui neno lolote. Ukiona NG inakataa kuwa neno, irudishie alama yake kichwani.

Vitawe, na maneno ambayo watunzi hawayaachi

Neno lenye maana nyingi ndilo chakula cha fumbo. PAA ni kwenda juu, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni swala mdogo, tena ni kumtoa samaki magamba. KATA ni kutenganisha kwa kisu, ni chombo cha kuchotea maji, ni kile kiduara cha kitambaa au majani kinachowekwa kichwani chini ya mzigo, ni eneo la utawala. KAA ni kuketi, ni la moto, ni wa pwani. JAA ni kufika pomoni, ni mahali pa taka. TEMBO ana mkonga, na tembo hulitia maji mgema akisifiwa. BARABARA ni njia na ni sawasawa. Hizo barabara mbili ulimi unazitofautisha kwa mkazo, miraba haina mkazo.

Kidokezo chenye mkato katikati, kama "Kwea, tia mbegu ardhini", kinakupa maana mbili za neno moja, na jibu lazima liridhishe zote: PANDA. Ukipata neno linalojibu nusu ya kwanza tu, hujapata. Nusu ya pili ndiyo ya kukagulia, na ni ukaguzi bora kuliko herufi yoyote.

Kuna maneno mafupi ambayo yatakurudia wiki baada ya wiki. Mtunzi anahitaji irabu mwanzoni mwa neno ili pembe zake zifunge, na nomino fupi zinazoanza na irabu si nyingi, basi anazitumia zilezile. OMO ni mbele ya chombo cha baharini, na TEZI ni nyuma yake, zote mbili zikiwa ndani ya methali ya mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ambayo inakupa na NGAMA juu yake. ALA ni mfuko wa kisu au upanga, na ni chombo cha muziki. ILA ni isipokuwa, na ni kasoro. UTE ni wa yai, UTI ni wa mgongo. ARI, INDA, ADA, OVU, UMA, UJI. Zingine zinaanza na konsonanti lakini zina irabu mbili pamoja: DAU, GAE, DUA. Ziandike nyuma ya daftari kila zinapokutokea, pamoja na kidokezo kilichotumika. Baada ya mafumbo thelathini au arobaini, orodha hiyo itakuwa imefungua pembe nyingi kuliko kamusi.

Nomino za makundi ni shamba jingine la watunzi, hasa kwa waliosomeshwa Kiswahili Kenya ambako zinafundishwa kwa bidii. THUREA ya nyota, BUMBA la nyuki, TITA la kuni, SHADA la maua. Uwe makini na vitu vyenye makundi mawili. Samaki wanaoogelea pamoja ni NUMBI. Waliopitishiwa kamba wakauzwe ni MTUNGO. Ndizi zote zilizo kwenye shina moja ni MKUNGU. Zilizoshikamana kwenye tawi moja la mkungu ni CHANE. Kidokezo kinachosema "kundi la samaki" bila zaidi hakijakwambia wako majini au wako kambani, na hapo idadi ya miraba ndiyo inayoamua, tano au sita. Watoto wa wanyama nao huja sana: ndama, kifaranga, kinda, kiluwiluwi wa chura, kihongwe wa punda, kitungule wa sungura. Mtoto wa simba huandikwa SHIBLI au SHIBILI.

Tahajia na pande za mpaka

Hilo la shibli linatufikisha kwenye ugomvi wa tahajia, na hapo subira inahitajika. Harusi ina sita, arusi ina tano. Maalum sita, maalumu saba. Rais nne, raisi tano. Usimlaumu mtunzi mara moja. Hesabu miraba, ukubali umbo alilolichagua, halafu kumbuka tabia yake. Mtunzi aliyeandika maalumu huongeza irabu mwishoni popote anapoweza.

Mahali fumbo lilipotungwa pana uzito uleule. "Gari la abiria mjini" yenye miraba minane ni DALADALA, na fumbo hilo limetoka Tanzania; yenye sita ni MATATU, na limetoka Kenya. "Mashine ya kuchakata taarifa" ni KOMPYUTA kwa miraba minane au TARAKILISHI kwa 11. Kwenye TELEVISHENI na RUNINGA ni 11 kwa saba. Pata moja tu kati ya haya mapema, na mara nyingi unaweza kukisia upande wa mpaka kwa fumbo zima.

Tarehe ya fumbo nayo iangaliwe. "Mji mkuu wa Burundi" katika fumbo la zamani ni BUJUMBURA, miraba tisa. Tangu 2019 ni GITEGA, miraba sita. Na "siku ya kwanza ya juma" ni mtego mbaya kabisa. Jina Jumamosi lenyewe linahesabu mosi, wengine huanza na Jumapili, ofisi huanza na Jumatatu. Majina hayo matatu yote yana herufi nane, na nne za mwanzo ni zilezile. Jaza JUMA kwa moyo mweupe, uache nne za mwisho wazi. Mraba wa tano utakuamulia: M, P au T.

Methali zina matoleo. Mtaka cha mvunguni kwa mmoja sharti AINAME, kwa mwingine HUINAMA. Sita kwa saba. Kama methali unayoijua haiingii, jaribu namna inavyosemwa upande mwingine wa pwani kabla ya kuiacha. Na vidokezo vichache vya mzaha wa herufi vikianza kuonekana, kumbuka mchezo wetu wa kinyume, wa kugeuza silabi, ambao kwa Kiswahili unafanya kazi vizuri kuliko kuchanganya herufi moja moja: lima inakuwa mali, kata inakuwa taka, kasa inakuwa saka. "Kasa kinyume, kawinde" ni SAKA. Ningependa sana watunzi wetu wautumie zaidi, maana ni wetu na hauhitaji kuazima mbinu za London.

Kwenye karatasi yenyewe

Karatasi ya gazeti ni laini na huchanika ikifutwa mara ya tatu. Tumia penseli ya HB iliyochongwa, bila kukandamiza, na kifutio laini. Penseli nyeusi zaidi huchafua mraba wa jirani. Herufi ziwe kubwa zote, maana i ndogo na l ndogo hazitofautiani kwenye mraba mdogo. Pitia vidokezo vyote mara moja kwanza, vya kulia kisha vya chini, na ujaze tu vile visivyo na njia mbili: methali, umoja na wingi, majina ya mahali. Mzunguko wa pili jaza viambishi: KI, VI, MA, UA, WA, ANA. Hata bila jibu hata moja jipya, mzunguko huo unakuachia herufi nyingi za kuanzia. Halafu fanya kazi pembe kwa pembe, ukitokea palipojaa kwenda palipo wazi, usirukeruke.

Ukikwama kwenye mraba mmoja ndani ya neno, amua kwanza ni wa irabu au wa konsonanti kwa kutazama majirani zake. Kama ni wa irabu, jaribu zote tano kwa mpangilio, A, E, I, O, U, na usome neno kwa sauti kila mara. Sikio lako linajua maneno ambayo kumbukumbu haiyaleti. Kama ni wa konsonanti baada ya N, anza na D, G, J, Y na Z. Baada ya M katikati ya neno, anza na B.

Pembe ikigoma, usifute yote. Soma upya vidokezo vya maneno ya pembe hiyo huku umefunika miraba kwa kiganja, uamue kila jibu bila msaada wa herufi. Weka alama ya nukta kando ya kila jibu lisilojibu kidokezo chake sawasawa. Katika kile kijifumbo cha mwanzo, nukta ya kwanza ingekuwa kando ya 1 Chini, kwa kuwa tende haishiki upepo wala si bandari. Ya pili ingekuwa kando ya 3 Chini, kwa kuwa hakuna anayefuata nyuki akale adabu. Kisha tafuta neno linalopita ndani ya yote mawili. TAMAA linayapita, lakini ni methali na limesimama. NGUVA linayapita, nalo linajibu. Linabaki la mstari wa chini, ELIMU, ambalo liliingia kwa kuwa lina maana nzuri, bila methali nyuma yake. Futa hilo peke yake, acha I ya katikati kwa ajili ya MBUZI, uandike A mwanzoni.